Upande wa Ukutani

Nyoosha hakuwahi kunyoosha kitu chochote maishani mwake, hata shuka la kitanda chake. Jina hilo alijipa mwenyewe siku aliponunua koti jeupe la mtumba, la watu wa maabara, lenye mifuko minne na doa la wino kifuani. Siku ileile aligundua kwamba mtu akivaa koti kama lile na kushika bisibisi moja tu, watu wazima wenye akili zao watamfungulia geti, watampa kiti, na watamweleza shida zote za nyumba. Tangu hapo alikuwa ametengeneza majokofu ambayo hayakuwa yameharibika, saa ambazo hazikuamka tena, na redio ya mama mmoja ambayo mpaka leo inakoroma.

Pesa zake hakuziweka benki, kwa sababu aliwajua watu wa benki. Mfukoni hakuziweka, kwa sababu aliwajua watu wa mtaani, naye akiwa mmoja wao. Alilitia koti bitana ya khaki kwa mkono wake mwenyewe, akaacha kijitundu kwapani, na kila alichokipata alikisukumia humo. Hakuzitoa wala kuzitazama. Alizipapasa tu. Usiku koti likawa mto, na nasikia alilala vizuri sana, jambo ambalo sisi waaminifu tunalitamani bure.

Basi Jumanne moja, saa tano asubuhi, alikuwa akikatiza mtaa wa watu waliostaafu vizuri alipomwona mzee mmoja amepiga magoti kando ya gari. Mzee hakuwa akibadilisha tairi. Alikuwa akilipapasa gurudumu la mbele kama mtu anayempima mtoto homa.

Nyoosha akapunguza mwendo. Mguu wake ulikuwa na pua.

Gari lenyewe lilikuwa refu, rangi ya maziwa, la zamani kuliko Nyoosha. Magurudumu yake yalivaa vifuniko vya kromu vinavyong'aa kiasi kwamba ukiinama unahesabu meno yako. Kile cha nyuma ndicho kilichong'aa hivyo. Cha mbele kilikuwa kimebonyea katikati, na ukingo wake umepinda.

"Mkokoteni wa maji," mzee alisema bila kuulizwa, machozi yakimlengalenga. "Jana. Wala hakusimama."

"Pole, mzee. Pole sana." Nyoosha alipiga goti naye, akakigonga kifuniko kwa ukucha, akafumba macho, akasikiliza. "Nani amekigusa hiki?"

"Mkokoteni."

"Baada ya mkokoteni."

"Mimi tu."

"Usikiguse tena."

Mzee akarudisha mkono haraka. Huyu alikuwa meneja wa benki kwa miaka ishirini na sita, na mtaa mzima bado ulimwita Meneja. Katika kazi yake alikuwa amewanyima watu elfu moja mikopo kwa kuwatazama tu usoni. Lakini koti jeupe ni koti jeupe.

"Hakiwezi kunyooshwa?" aliuliza.

"Kunyoosha naweza, ndiyo kazi yangu. Ila chuma cha zamani kina kumbukumbu, mzee. Leo nitakinyoosha, kesho kutwa kitakumbuka kilivyokuwa kimebonyea, kitabonyea tena. Hiki ni cha kubadilisha."

"Nitabadilisha na kipi? Kiwanda kilifungwa mimi nikiwa karani!"

"Kuna mjane mmoja," Nyoosha alisema, kisha akanyamaza kama mtu anayejuta kwa kusema.

Wakati mzee akimbembeleza amtaje huyo mjane, Nyoosha aliinama zaidi, akachungulia chini ya gari, na hapo ndipo alipoona kitu kilichomfanya aume mdomo asicheke. Gari lilikuwa limeegeshwa limebana ukuta wa nyumba. Upande wa barabarani ulikuwa umeoshwa mpaka ukawa kioo. Upande wa pili, ule wa ukutani, tairi zilikuwa za kijivu kwa vumbi, utando wa buibui umefungwa kutoka bodi hadi ukutani, na ndani ya vumbi lile vilikaa vifuniko viwili vya kromu, vizima kabisa, ndugu wa hiki kilichobonyea. Mzee alikuwa akiosha gari nusu.

Tusimcheke. Wapo wanaopaka rangi ukuta wa mbele tu, na wapo wanaopiga pasi kola na kifua kwa sababu sehemu iliyobaki itafunikwa na koti. Meneja aliosha kinachoonekana. Gari lilikuwa na pande mbili, yeye alikuwa na jirani upande mmoja. Na Jumapili alipotaka kuliwasha kwa dakika kumi, aliingilia mlango wa abiria, akasota kitini mpaka kwenye usukani, akaliungurumisha, akalizima, akasota kurudi.

Jirani mwenyewe alipita wakati huohuo na fimbo yake ya matembezi. Alikuwa daktari wa meno, mstaafu naye, na hakuwahi kupita bila kuacha neno.

"Naona la mbele limeoza, jirani," alisema akielekeza fimbo kwenye gurudumu. "Ling'oe kabla halijaambukiza mengine."

Akaenda zake. Meneja akamshika Nyoosha mkono. "Huyo mjane anataka kiasi gani?"

Walikuwa wameshapatana, kianzio kimeshahesabiwa, mlango wa nyumba ulipofunguka, akatoka mke wa Meneja, futi ya kitambaa shingoni na nyuzi kwenye mikono ya gauni. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke mnene mwenye sura ya upole na goti moja bovu, akitembea kwa kushika ukuta.

"Huyu ni mtaalamu, mama," Meneja alisema. "Anatutafutia kifuniko."

"Vizuri. Akishakipata, tutakwenda kwa dada?"

"Mama, tumeshaongea. Barabara ile ina mashimo. Kifuniko kikichomoka njiani nitakipata wapi?"

"Miaka sita unaniambia hivyo. Dada macho yanaisha, mzee. Jicho la kushoto limeshafunga. Nataka anione kabla la kulia halijafunga nalo."

"Si utaenda tu."

"Basi niruhusu nipande basi."

"Mke wangu apande basi na gari liko mlangoni? Watu watasemaje? Halafu na goti lako hilo."

Mama alimtazama Nyoosha kuanzia viatu mpaka kola, jinsi wanavyotazama watu wa cherehani, akarudi ndani. Nyoosha hakumjali. Alikuwa ameshapewa kianzio.

Alhamisi, saa nane mchana, Meneja akiwa amelala na kukoroma kwa mpangilio wa mtu aliyezoea ofisi, Nyoosha alirudi na bisibisi na tambara. Nafasi kati ya gari na ukuta ilikuwa ya paka, tena paka asiyekula vizuri. Aliingia ubavuubavu, akatoa pumzi zote, akasukuma. Koti likanasa kwenye msumari wa dirisha, likachanika begani. Alitukana kimoyomoyo, akapiga goti moja maana la pili halikuwa na mahali, akapachika bisibisi chini ya ukingo, akabinya. Kifuniko cha mbele kikabanduka, kikamwangukia mapajani.

"Kumbe mjane mwenyewe," sauti ilisema juu ya kichwa chake, "hakai mbali."

Nyoosha aliinua macho. Juu yake palikuwa na dirisha lenye nondo, na nyuma ya nondo mama wa cherehani, pini tatu zimebanwa mdomoni.

Nyoosha alikuwa na uongo kumi na mmoja wa kutumia anapofumaniwa. Aliupekua wote kichwani. Hakuna hata mmoja uliofaa kwa mtu aliyenasa katikati ya gari na ukuta, amekumbatia kifuniko.

"Mama, nilikuwa napima tu."

"Pima, mwanangu. Mimi mwenyewe ni fundi, najua kupima." Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini. "Hiki ndicho chumba changu cha kushonea. Miaka kumi na tisa, nikiinua kichwa naona gurudumu hilo ulilolivua nguo."

"Utapiga kelele?"

"Nikipiga kelele mzee ataamka, akiamka atataka chai. Na mimi nina gauni la mtu la kumaliza leo." Aliinama karibu na nondo. "Kauze hicho. Mwuzie. Ukishakibandika kule mbele, kile kilichobonyea ukipachike hapa, ukibane vizuri. Sipendi kutazama gurudumu uchi."

Nyoosha akashusha bisibisi. "Wewe unataka nini, mama?"

"Vifuniko. Vyote vinne, mpaka Ijumaa ijayo."

"Vya nini?"

"Wewe umewahi kuulizwa vya kwako ni vya nini?"

Basi Nyoosha akacheka kwa raha, kicheko cha mtu aliyekutana na ndugu waliyepotezana utotoni. Kumbe na huyu ni wetu! Alimweleza hapohapo kwamba nje ya mji kuna mwenye mgahawa anayetundika vitu vya magari ya zamani ukutani, na kwamba seti nzima ya vinne angeinunua bila kupepesa. Wangegawana nusu kwa nusu.

"Nusu kwa nusu," mama alikubali. "Ila koti lako limechanika, fundi. Mtaalamu mwenye bega wazi ataaminiwa na nani? Lete."

Nyoosha alivua, lakini hakuliachia. Alipitisha bega la koti katikati ya nondo na kushikilia ubavu wa kushoto kwa mikono miwili, na hivyo ndivyo mama alivyolishona, yeye ndani, mwenye koti nje, kila mmoja akivuta kwake. Vidole vya mama vilipita juu ya bitana mara moja, vikasimama kidogo, vikaendelea.

"Hii bitana nani alikushonea?"

"Mimi mwenyewe."

"Inaonekana," alisema mama, akakata uzi kwa meno. "Siku nyingine ukiingia humo ulivue kabisa, ulitundike hapa kwenye nondo. Mimi nitakuwa naendesha cherehani, mzee asisikie unavyobandua."

Jioni ile Nyoosha alifika kwa mlango wa mbele, amebeba kifuniko kwenye tambara kama mtu aliyebeba yai. Meneja alikifunua, akakikumbatia.

"Ndicho! Ndicho hasa! Angalia, mama, kinafanana na vyangu kabisa!"

"Ni ndugu wa tumbo moja, mzee," Nyoosha alisema, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake alikuwa anasema kweli.

"Hata harufu yake," Meneja alisema, akikinusa, "kama ya gari langu."

Mama alikohoa akaenda jikoni.

Watu wenye kiasi wangeishia hapo. Nyoosha na kiasi hawakuwahi kutambulishwa. Jumatatu alipita kusalimia, akasimama mbele ya gari, akainamisha kichwa kushoto, akainamisha kulia, akaguna.

"Nini?" Meneja aliuliza kwa hofu.

"Hapana, mzee. Si kitu."

"Sema, bwana!"

"Ni hiki cha nyuma. Cha mbele kimekifanya kionekane mzee. Lakini mtu wa kawaida hataona. Labda awe mtu aliyezoea kutazama vitu vidogovidogo vyeupe vilivyopangwa mstari."

Meneja alitupa jicho kwenye nyumba ya daktari wa meno. "Mjane anacho kingine?"

"Anacho kimoja. Anakilalia."

Jumatano saa nane mchana, koti likatundikwa kwenye nondo. Cherehani ikaunguruma, na Nyoosha akakibandua kifuniko cha nyuma cha upande wa ukutani bila hata chiriku kushtuka. Jicho lake moja lilikuwa kwenye gurudumu na jingine kwenye koti, lakini mama hakuligusa. Alikuwa akishona foronya, akiimba taratibu. Jioni kifuniko kilivuka upande wa pili kwa bei ya mjane anayelia, na kile "kizee" kilichotolewa kikaingia kwa mama kupitia uwazi wa chini ya nondo, pale anapopokelea majora ya vitambaa. Nyoosha akasukumia mapato kwapani. Bitana ikanenepa.

Ikabaki Ijumaa. Mzee alipoanza kukoroma tu, Nyoosha alivibandua vile viwili vya barabarani kwa dakika mbili, akavipenyeza dirishani. Akatundika koti, akajibana kwenye nafasi yake kufuata cha mwisho, kile kilichobonyea. Na hapo kazi ikawa kazi. Wiki iliyopita alikuwa amekigongea kwa kisigino kama alivyoagizwa, na kwa kuwa ukingo ulikuwa umepinda, kiling'ang'ania rimu kama kina deni nayo. Alibinya huku kikacheza kule. Akabinya huku kikakaza kule. Jasho lilimwingia machoni. Juu ya kichwa chake cherehani ilikuwa inakwenda mbio, trrrr, inasimama, trrrr, na kila ilipounguruma moyo wake ulitulia. Mama wa watu, alifikiri, ana moyo wa kazi. Anashona ili mimi nisisikike.

Ilikuwa kweli alikuwa anashona.

Kifuniko kilipobanduka hatimaye, Nyoosha alijitoa kwenye ukuta akiwa na vumbi mpaka kwenye kope. Koti lilikuwa palepale kwenye nondo. Alilivaa, akalipapasa upande wa kushoto. Limenenepa, linachakarisha. Akatabasamu.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi, mlango wa uani," mama alisema. "Nitakuwa nimekufungia mzigo. Nenda kauze peke yako, goti langu halifiki huko. Utaniletea nusu yangu."

"Mama, ungeniamini hivyo?"

"Nisipokuamini wewe, fundi, nitamwamini nani?"

Nyoosha alitembea akipiga mluzi. Nusu yake! Alikuwa ameshachagua mji mwingine wa kuhamia.

Saa tisa na nusu Meneja aliamka, akatoka na ndoo yake, na mayowe aliyopiga yaliwatoa watu mtaa wa tatu. Magurudumu mawili meusi, matupu, nati nje. Alikimbia kwenda upande wa ukutani avichukue vya huko, tumbo likakataa kuingia. Akalala chini barabarani na suruali yake ya pasi, akachungulia uvunguni. Huko nako hamna kitu.

"Vyote vinne!" alilia. "Wameniacha uchi!"

Fimbo ya matembezi ilisimama karibu na sikio lake. "Pole, jirani," alisema daktari wa meno. "Umebaki kibogoyo."

Jioni ile Meneja alilifunika gari kwa turubai, kisha kwa shuka juu ya turubai, kisha akafunga mapazia yote ya upande wa barabarani. Alikaa gizani sebuleni, mikono magotini. Mama alimletea chai, akakaa naye. Alimwonea huruma kweli, msidhani hakumwonea.

"Nitatokaje nje kesho?" Meneja aliuliza.

"Tutoke mapema. Twende kwa dada."

"Na gari lile? Kama lilivyo?"

"Kule hakuna anayelijua. Wala hakuna daktari wa meno."

"Lakini mama, barabara ile. Mashimo yale yata..."

"Yatang'oa nini, mzee?"

Meneja alifungua mdomo. Akanywa chai.

Jumamosi saa kumi na mbili Nyoosha alipokea mzigo wake mlango wa uani, gunia limeshonwa mdomo kwa uzi wa kamba, mshono wa kitaalamu. "Nimelishona watu wasichungulie njiani," mama alisema. Nyoosha alilitikisa, vitu vinne vya mviringo vikagongana kwa sauti nzito ya chuma. Akaondoka mbiombio bila kuaga vizuri.

Saa moja baadaye Meneja aliingilia mlango wa abiria, akasota mpaka kwenye usukani, akaliondoa gari ukutani. Utando wa buibui ulikatika. Alipofika katikati ya barabara, mama aliyekuwa amesimama na kikapu chake alimpungia asimame.

"Shuka kwanza. Tumia mlango wako, leo unafunguka."

Meneja alishuka. Akageuka. Hakuwa ameuona upande ule tangu wanawe wakiwa shule ya msingi. Rangi ya maziwa imekuwa rangi ya tope. Vumbi limegandana na vipande vya nyuzi vilivyoangukia hapo kutoka dirishani, nyekundu, kijani, bluu, miaka na miaka. Alisimama akitazama, mkono mdomoni.

"Hivi ndivyo linavyoonekana?" alisema.

"Ndivyo ninavyoliona mimi," alisema mama. "Kila siku, miaka kumi na tisa."

Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali. Meneja akaingia ndani, akatoka na ndoo na tambara, akapiga magoti, akaosha upande wa ukutani wote kuanzia taa ya mbele mpaka ya nyuma, jirani akimwona na wapita njia wakimwona. Mama alikaa kwenye kiti cha mbele na mlango wazi, akimsubiri. Ndipo wakaondoka.

Wakati huo Nyoosha alikuwa ameketi kwenye mgahawa wa nje ya mji, ng'ambo ya kituo cha mafuta, chai mbele yake na mayai manne ya kukaanga. Mwenye mgahawa, mtu mwenye mikono kama makoleo, alikuwa ameshapigilia misumari minne ukutani kuandaa mahali.

"Seti nzima?" aliuliza.

"Nzima. Kimoja kina kabonyeo, kanaongeza heshima."

Mwenye mgahawa alichukua kisu cha mkate, akakata ule mshono mzuri mbele ya wateja wote, akamimina. Mezani ikamwagika mifuniko minne ya masufuria makubwa ya shughuli, mizito, yenye masizi, mmoja bado una chembe ya wali mkavu kwenye kishikio.

Mtu mmoja kule pembeni akaanza kucheka, na kicheko kikazunguka meza kwa meza.

"Hii ni ya gari gani?" mwenye mgahawa aliuliza kwa upole wa kutisha.

Nyoosha alikuwa akipapasa ubavu wake wa kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu alinunue koti lile alihisi haja ya kutazama. Aliuona mshono. Kazi yake yeye ilikuwa imepinda kama njia ya mlevi. Huu ulikuwa umenyooka kama mstari wa rula. Alinyakua kisu cha mkate, akapasua bitana, akaingiza mkono, akatoa karatasi za khaki za kukatia nguo, zimekunjwa vizuri kwa ukubwa wa noti. Moja ilikuwa imeandikwa kwa chaki ya fundi: mkono wa kushoto, kata viwili.

"Chai na mayai," alisema mwenye mgahawa, "utanilipa na mkono wa kushoto?"

Alilipa na bisibisi.

Alitoka nje amekumbatia mifuniko minne, koti linapepea bitana, na hapo kituoni akaliona gari la rangi ya maziwa, magurudumu uchi, pande zote mbili safi. Mama alikuwa kiti cha mbele, akimlipa mtu wa mafuta kutoka kwenye pindo la kitenge.

"Umezipata wapi zote hizo?" Meneja alikuwa akiuliza.

"Nilishona koti la mtu," mama alisema.

Meneja aliinua macho, akamwona Nyoosha. "Fundi! Fundi wangu! Umesikia? Wameniibia vyote vinne, hata vile viwili vya mjane! Hana vingine yule mama?"

Nyoosha alisogea dirishani. Ulimi ulimwasha. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lingeleta kilio, lingeleta fujo, labda lingegeuza gari lile lirudi lilikotoka. Akachungulia ndani. Goti bovu la mama lilikuwa limenyooshwa, limetulia, na mguu umepumzika juu ya kifurushi cha kitenge chenye maua, kimevimba kwa vitu vinne vya mviringo. Mama alimtazama kwa sura yake ileile ya upole. Mkasi wake mkubwa ulikuwa juu ya mapaja.

"Mjane," Nyoosha alisema polepole, "amesafiri, mzee."

"Eh! Kwenda wapi?"

"Kwa dada yake, nasikia. Na vitu vyake vyote."

Meneja alisikitika, akageukia usukani. Mama akainamia dirisha. "Bega la koti limekaa vizuri, fundi?"

"Limekaa, mama."

"Angalia na mfuko wa kifuani, niliona kitufe kimelegea. Na hiyo mifuniko uiache dirishani kwangu, nikirudi nitapika."

Gari likaondoka. Nyoosha aliingiza vidole kwenye mfuko wa kifuani, chini ya lile doa la wino. Kitufe kilikuwa imara. Ndani ya mfuko palikuwa na nauli ya basi, ya kwenda tu, inayomfikisha mtaa wa wastaafu na mifuniko yake. Alisimama pale, mtu aliyepigwa na fundi wa kweli, akajikuta ameudhika zaidi kwa uzuri wa ule mshono kuliko kwa pesa. Kisha akaenda kituo cha basi.

Mashimo ya barabara ile yalikuwa kama yalivyosemwa. Gari liliruka, likatua, likaruka, na hakuna kilichochomoka. Saa nane mchana, wakati ambao kwa kawaida Meneja hukoroma, walisimama mbele ya nyumba ndogo, na bibi mmoja mwembamba akatoka akifuata ukuta kwa kiganja. Mama alishuka kabla gari halijatulia. Dada alimshika uso kwa mikono yote miwili, akausogeza kwenye jicho lake la kulia, karibu, karibu zaidi, akautazama bila kuharakishwa na mtu.

"Umenenepa," alisema.

"Nimenenepa."

"Ni wewe." Alimfuta machozi kwa kidole gumba, kisha akalitazama gari nyuma yake, akikaza lile jicho. "Mbona magurudumu yenu yako uchi?"

"Dada," alisema mama, "yakivaa hayasafiri."